Jino Langu na Sarafu ya Kuku

Mjukuu wangu aliposhinda, majirani walidhani tunawatania. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kiwanda chake cha sarafu kitatoa sarafu mpya ya dhahabu tupu, ile ambayo watu hawaendi nayo dukani kununua mkate, bali wanainunua na kuiweka, kama mtu anavyonunua kiwanja akijua watoto watakikuta. Wachongaji wote wa kiwanda waliambiwa walete michoro. Wengi walileta simba. Mmoja alileta tai aliyetanua mabawa mpaka yakagusa ukingo. Mjukuu wangu alipeleka kuku.

Kuku mwenyewe alikuwa wangu, tena mkali. Tulimwita Askari, kwa sababu akiwa na vifaranga hakuna aliyekatiza uani bila kuhojiwa. Na mjukuu wangu tunamwita Penseli. Alipewa jina hilo akiwa mdogo, alipochora ng'ombe kwenye ukuta wangu mpya, na baba yake alipotaka kumchapa nikasema aachwe kwanza amalizie mkia.

Fundi cherehani, ambaye nyumba yake na yangu zinagusana ukuta, ndiye aliyenipokea na maneno siku habari zilipotangazwa.

"Kuku kwenye dhahabu," alisema, uzi ukiwa mdomoni. "Mama, dunia itasema tuna njaa."

"Subiri uione."

"Nitaionea wapi mimi? Labda ukipata yako uniazime niende nayo harusini."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimevimba kwa fahari. Nilijua kazi iliyoingia kwenye kuku yule. Penseli alikuwa akija kila alipopata nafasi, anakaa kwenye kigoda changu na kumtazama Askari jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa aliyelala. Huko kiwandani alichonga kwanza kwenye sahani ya plasta pana kama sinia, akirudi nyumbani na unga mweupe kwenye nyusi. Kisha mashine ikaufuata mchongo ule taratibu na kuupunguza, mpaka ukakaa wote kwenye muhuri wa chuma usiozidi kifuniko cha chupa. Kuku amechuchumaa, mbawa zimefunguka kidogo, na chini ya bawa kifaranga mmoja amechomoza kichwa kuona kama hatari imepita. Wakubwa walipomuuliza kwa nini asichonge mnyama mwenye heshima zaidi, aliwajibu, "Hii ni sarafu ya akiba. Nimetafuta anayejua kutunza." Mwenzake aliyekuwepo ndiye aliyenisimulia. Penseli mwenyewe hajisifu.

Pale kiwandani wana desturi yao. Sarafu mpya ikiwa tayari, mchongaji aliyeitengeneza ndiye anayeipiga chapa ya kwanza kwa mikono yake, na anaruhusiwa kuleta ndugu mmoja asimame naye. Mmoja tu. Sarafu hiyo ya kwanza haiuzwi. Inakaa kwenye kabati la kioo pamoja na za kwanza za miaka mingine.

Nilitegemea atamchukua mama yake. Mkwe wangu huyo ni muuguzi, mtu wa maneno machache. Alikuja kwangu ametoka zamu, hata viatu hajabadilisha, akakaa jikoni.

"Mama, utaenda wewe," aliniambia.

"Wewe ndiye uliyemzaa."

"Nilimzaa nikarudi zamu. Ukuta uliochorwa ulikuwa wako."

Nilimmiminia chai, naye akainywa, na tangu siku ile mkwe wangu ana nafasi moyoni mwangu ambayo hata mwanangu mwenyewe hana, na aje asome hapa.

Jioni yake Penseli akaja kunieleza siku itakavyokuwa. Nilifurahi nikacheka kwa kinywa wazi. Hapo nikamwona ananitazama mdomoni, na uso wake ukashuka.

"Bibi," alisema. "Jino."

Nina jino la mbele la dhahabu, au niseme nilikuwa nalo. Nilipokuwa bado bibi harusi, mpini wa pampu ya maji uliniponyoka ukanipiga mdomoni, jino likakatika nusu. Tangu hapo nikawa nacheka nimeweka kiganja mdomoni. Marehemu mume wangu alikuwa sonara. Hakuniambia kitu. Siku moja alinipa nta laini ning'ate, akaenda nayo kwenye meza yake ya kazi, na baadaye nikaona kidole chake hakina pete. Alikuwa ameiyeyusha akatengeneza kofia ya jino. Daktari aliponibandikia, mume wangu alisema, "Haya, mkono wako urudi kazini sasa." Aliishi bila pete mpaka alipofariki, na mimi nikawa nacheka mbele za watu.

"Jino limefanya nini?" nilimuuliza Penseli.

"Kwenye ukumbi wa dhahabu haingii mtu mwenye dhahabu mwilini. Hata mkurugenzi anaacha pete mlangoni. Wakati wa kutoka kuna geti lenye kengele."

"Si watanitazama wajue ni jino?"

"Kengele haijui jino wala sarafu, Bibi. Ikilia, zamu nzima inakaa chini mpaka kila mtu akaguliwe. Na mdomoni ndiko wanakoangalia kwanza. Zamani kuna mtu alitoka anatabasamu sana."

Alikwenda kumbembeleza msimamizi wake hata hivyo. Msimamizi alisikitika kweli, maana alimtuma aniletee salamu na pendekezo: nikae chumba cha wageni, kuna viti vizuri, chai, na runinga kubwa itakayoonyesha kila kitu kinachofanyika ndani.

"Runinga ninayo," nilisema.

"Ni kubwa kuliko yako."

"Wewe sikukulea kwenye runinga. Nataka nisimame pale unaposimama. Kesho nipeleke kwa daktari wa meno, litoke."

Akakataa. Alisema jino la Babu halitoki kwa ajili ya kuku. Akampigia simu baba yake, na mwanangu akaja na suti yake ya ofisini, akasimama katikati ya sebule kama mtu anayehutubia.

"Mama, kwa heshima zote. Unang'oa kumbukumbu ya Baba ili uende kutazama mashine?"

"Sing'oi. Navua kofia."

"Na isiporudi?"

"Kaa chini kwanza, unanichosha shingo."

Alikaa. Nikamweleza kama ninavyoeleza hapa. Baba yake alifanya kazi ya dhahabu maisha yake yote, na ilikuwa inamfikia kwa vipande vidogo kama punje za mchele. Ilikuwa ikidondoka chembe tunafagia meza kwa brashi ya kunyolea. Leo damu yake inaingia mahali ambapo dhahabu inakwenda kwa trei, na chapa iliyopo juu yake imechongwa na mtoto aliyejifunza kushika patasi magotini mwake. Angekuwepo, angenisukuma mgongoni niende, na jino angelishika yeye.

Mwanangu alikuna kidevu. "Basi mimi nitaendesha gari," alisema.

Daktari wa meno alikuwa binti mwenye mikono midogo. Alilichunguza jino kwa kioo, akaligonga kidogo, akavuta kiti akae usawa wa macho yangu, jambo ambalo madaktari wengi hawana muda nalo.

"Bibi, sikufichi. Kisiki kilicho chini ya kofia ni chembamba sana. Nikiitoa, kuna uwezekano mkubwa kisiki kivunjike. Kikivunjika, kofia hii haitakaa tena mdomoni mwako. Ningekushauri tuiache."

Penseli alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinishika bega. "Bibi, twende nyumbani. Tafadhali. Kutakuwa na sarafu nyingine."

"Ya kwanza ni moja," nilisema. Kisha nikamwambia daktari aanze.

Kila alichofanya alikitaja kabla. Sasa nakudunga, sasa utasikia natingisha, sasa pumua. Nilisikia kitu kikilia ndani ya kichwa kama kijiti kikavu kinachovunjika. Akasimama kidogo, akanitazama, nami nikajua. Kofia ilitoka na kisiki kikatoka nayo. Aliiosha, akaikausha kwa pamba, akanikabidhi kiganjani, na hakuniambia kwamba alinionya. Nilishukuru kwa hilo kuliko kwa ganzi.

Nyumbani nililiweka jino kwenye kikombe cha chai kabatini. Usiku ule nililia kidogo, sitaki kudanganya. Asubuhi nikajitazama kwenye kioo na kufanya mazoezi ya kuongea, kwa sababu upepo ulikuwa umepata njia. Nikisema neno lenye upepo mwingi, kama "sasa" au "samahani", lilitoka na manyunyu. Fundi cherehani alinisalimia, nilipomjibu akajifuta shavu.

"Mama, leo mvua imeanza mapema," alisema.

Siku ilipofika, nililakiwa mlangoni na mlinzi wa kike, mama wa makamo mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Kule ndani huingii na chochote. Nilivua hereni, bangili, pini za nywele, mpaka vazi la ndani lenye kulabu, na mama yule akanipa kitambaa nijifunge, akageuka ukutani mpaka nilipomaliza. Nikapewa ovaroli isiyo na mfuko hata mmoja na viatu vya mpira. Nilipojaribu kuinama kuvifunga, alikwishapiga goti ananifungia.

"Inua mguu, Bibi. Mama yangu pia ana magoti haya haya."

Akaniomba nifungue mdomo, akamulika kwa tochi. Akaliona pengo bichi, bado lina wekundu.

"Wewe ndiye bibi wa jino," alisema taratibu. Kumbe habari ilikuwa imewafikia. "Pita. Karibu sana."

Ukumbi ulikuwa na mwanga mweupe usioacha kivuli. Sakafuni kuna mikeka ya mpira yenye matundu, ili chembe ikidondoka isichukuliwe na soli ya kiatu cha mtu. Penseli aliniambia kwamba vumbi la pale hukusanywa na kuchomwa, na hata maji ya kunawia mikono huchujwa. Nikamkumbuka mtu wangu na brashi yake ya kunyolea. Pembeni, wakaguzi walikaa kwenye meza ndefu chini ya taa, na walipotuona waliacha kazi wakasimama. Nilidhani kuna mkubwa ameingia nyuma yetu. Niligeuka nikakuta hakuna mtu. Walikuwa wamemsimamia mjukuu wangu.

Mashine ya kupigia chapa ilikuwa na umbo la kabati la nguo. Msimamizi, mzee mwenzangu mwenye sauti ya chini, alinionyesha trei yenye vipande vya dhahabu vya duara, laini, visivyo na picha yoyote, vinavyong'aa kama mafuta. Akanionyesha vitufe viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, vimewekwa mbali. Mashine haifanyi kazi mpaka vyote viwili vishikwe kwa pamoja, ili mkono wa mtu usije ukabaki ndani.

Penseli aliweka kipande mahali pake kwa kibano. Mikono hiyo niliijua tangu inashika uji. Akanitazama, akavuta pumzi, akabonyeza.

Nilitegemea kishindo. Ikawa mguno tu, kama mtu anayeinua gunia, nao nikausikia kwenye nyayo. Sarafu ikateleza nje.

Mkaguzi mkuu, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliishika ukingoni kwa glavu, akailaza juu ya kitambaa cheusi chini ya taa. "Mwite bibi yake atazame," alisema.

Nikainama. Alikuwa Askari. Si kuku tu, alikuwa Askari mwenyewe na lile jicho lake la kudai maelezo, na kila unyoya umelala ulipolala kule uani. Kifaranga alikuwa anachungulia. Ukingo wake ulikuwa na vijino vidogo vimepangana sawasawa. Kitu chote hakikuzidi kiganja cha mtoto, na bado nilijihisi nimetazama kitu kikubwa. Furaha ilinijaa, nikasahau pengo langu.

"Askari sasa ni wa serikali," nilisema.

Manyunyu yakatua juu ya sarafu.

Nilinyanyua mkono kutaka kupangusa kwa mkono wa ovaroli, na mkaguzi akaushika hewani, bila nguvu.

"Usifute, Bibi. Dhahabu tupu ni laini, ukifuta unaichana. Ikishaloa hivi ina alama. Hii haiwezi kwenda kabatini."

"Inaenda wapi?"

"Inarudi kwenye tanuri, inayeyushwa."

Nilitamani ardhi ifunguke. Nimevunja jino la mume wangu ili nije kuharibu sarafu ya kwanza ya mjukuu wangu. Nilimgeukia Penseli nimuombe radhi, lakini niliogopa kufungua mdomo nisije nikaharibu na ya pili. Nikaweka kiganja mdomoni, kama zamani.

Penseli alikuwa amejishika tumbo. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anajaribu kuzuia na hawezi. Kisha mkaguzi mkuu naye akaanza kutikisika, miwani inarukaruka kifuani.

"Bibi, usijali," alisema alipopata pumzi. "Kuna mkubwa mmoja, sitamtaja, alipiga chafya juu ya trei nzima. Na yeye meno anayo yote."

Penseli alikuja akaushika ule mkono wangu, akauondoa mdomoni.

"Usinifiche," alisema. "Umetoa jino uje kusimama nami. Basi simama vizuri. Shika kitufe cha kushoto, mimi nishike cha kulia."

Nilimtazama msimamizi. Mzee yule alifikiri, akajikohoza.

"Sheria inasema vitufe viwili vishikwe na mikono miwili," alisema. "Haikutaja ya nani." Kisha akamwomba mkaguzi aniletee barakoa, nayo nikaivaa kwa furaha.

Kipande kingine kikawekwa. Nilikishika kitufe cha kushoto kwa kiganja chote, Penseli akiwa upande wa pili wa mashine, uso wake ukionekana nusu. Aliinamisha kichwa, tukabonyeza. Ule mguno ukapanda kutoka nyayoni mpaka kwenye kiwiko changu. Safari hii mkaguzi alitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akatazama tena, halafu akaiweka kwenye kijisanduku kilichoandikwa "Ya kwanza". Wale wa meza ndefu walipiga makofi, na kwa kuwa wote walivaa glavu, yalisikika kama mabawa ya njiwa.

Nilipotoka geti halikulia. Mlinzi alinisaidia kuvaa hereni zangu, moja baada ya nyingine.

"Ile iliyoharibika," nilimuuliza Penseli tukiwa nje, mwanangu akitufungulia mlango wa gari, "ikiyeyushwa inachanganywa na nyingine?"

"Ndiyo. Inatoka sarafu nyingine nyingi."

"Kwa hiyo watu wataweka akiba yenye mate yangu."

"Bibi, tafadhali usimwambie fundi cherehani."

Nilimwambia wa kwanza. Alikuwa amekaa barazani na mashine yake, na majirani wengine walikuwa wamejikusanya kama waliokuja kumpokea msafiri. Wakaniuliza picha ziko wapi. Nikawaambia hairuhusiwi. Wakauliza sarafu je. Nikawaambia hazitoki, hata vumbi lake halitoki.

"Sasa tutajuaje kama ulifika?" aliuliza fundi cherehani. "Huenda mwanao alikuzungusha mjini ukanywa soda mkarudi."

Nikamsogelea, bila kuweka mkono mdomoni, nikafungua kinywa chote nikacheka. Walitazama lile pengo mmoja mmoja, na fundi cherehani, ambaye jino la sonara amelijua miaka yote ya ujirani wetu, akatoa uzi mdomoni na kusimama.

"Haki yako, mama," alisema. "Ulifika."

Yule binti daktari amenipigia simu mara kadhaa. Anasema ana jino jeupe zuri, halitatofautika na meno yangu mwenyewe, nije tu. Nimemshukuru na kumwambia asubiri kidogo. Kuna watu wa mtaa wa pili bado hawajaniona.